MAZOEZI YA MTOTO NA SIMU YAKO (Sehemu ya 4)

Mama, leo nagomba. Usinune.

Zile video za mazoezi ya watoto wenye mtindio wa ubongo mnazorushiana kwenye makundi ya WhatsApp, nyingi hazimhusu mwanao. Mtoto wa kwenye video huenda misuli yake imelegea, wako imekaza. Zoezi lililomfaa yule linaweza kumuumiza wako. Mguu uliokaza ukiuvuta kwa haraka ndiyo kwanza unakaza zaidi. Unataka kunyooshwa taratibu, ushikiliwe, uachiwe. Na mtoto asiyesimama mifupa yake huwa dhaifu. Ukilazimisha, unavunja.

Sasa mtasema nesi anapiga vita simu. Wapi! Simu naitaka sana. Mama wa Kagunga anashuka Kibirizi kwa boti, kalipa nauli, anaonyeshwa mazoezi mara moja, anarudi. Akifika kwake anakumbuka mangapi? Tena mchana mtoto anabaki na bibi, mama yuko mwaloni anaanika dagaa. Bibi hakuwepo kliniki.

Video ninayoitaka ni ya mwanao mwenyewe, mikono ya mtaalamu wake wa fiziotherapia ikiwa juu yake.

Na nyie wenzangu wa sare nyeupe, mniwie radhi: hii tabia ya "mama, zima simu" tuiache. Siri za wagonjwa wengine zilindwe, sawa. Basi mpeleke pembeni, zionekane mikono yako na mtoto tu. Unataka akariri kama shairi?

Mama, omba ruhusa kwanza. Zoezi moja, video moja fupi. Mwambie mtaalamu ahesabu kwa sauti na aseme mwisho wa kuvuta ni wapi. Kama bibi hasikii Kiswahili vizuri, arekodiwe maelezo kwa Kiha. Ikishakaa kwenye simu haili bando, hata kijiji kisicho na mtandao inafunguka. Ukiwa nyumbani jirekodi ukifanya wewe, kliniki ijayo mwonyeshe akurekebishe. Hapo ndipo simu inapolipa kweli. Kila akikubadilishia zoezi, futa la zamani, mtoto anakua. Na usiirushe mtandaoni, huyo ni mwanao, si tangazo.

Akilia kwa maumivu, au mguu ukivimba na kupata joto, acha hapo hapo, nenda kituo cha afya. Usisubiri nijibu meseji.