Faiawolo juu ya paa

Wiki jana nilikuwa Mino, mji wa karatasi mkoani Gifu, Japani. Jamani, faiawolo niliziona kwa macho! Zinaitwa udatsu, kuta fupi juu ya paa za kuzuia moto usiruke nyumba hadi nyumba. Wauza karatasi katika mji wa mbao, wangelalaje? Matajiri walishindana kuzipamba.

Lakini kilichonigusa zaidi ni hiki: orodha za watu zilizoandikwa kwenye karatasi ya Mino mwaka 702 bado zinasomeka, zimehifadhiwa Shosoin, Nara. Ni nyuzi tu za gome la kozo, jamii ya mforosadi. CD nilizochoma 2006 zimeshagoma. Kwa hiyo wanaprogramu wenzangu mtanisamehe: mfumo wa kusajili watu usiotoa nakala ya karatasi siuungi mkono.