Bunduki ya askari kijana ipimwe begani kwake

Mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, wakulima hawalali. Robanda, Park Nyigoti na Bonchugu upande wa Wilaya ya Serengeti, na vijiji vya Tarime vinavyotazamana na Pembe ya Lamai, vinajua maana ya kundi la tembo kuingia shambani saa nane za usiku. Watu hupiga mabati, huwasha tochi, hurusha fataki, huchoma pilipili iliyokandwa na kinyesi cha ng'ombe. Yote yakishindikana, hupigwa simu kuita askari. Anayefika mara nyingi ni kijana: askari wa wanyamapori wa kijiji, au askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) aliyehitimu chuo cha wanyamapori cha Pasiansi juzijuzi. Wengine ni wembamba, wafupi, mikono yao mifupi, na siku hizi wamo mabinti pia. Kijana huyo ndiye anayetarajiwa kusimama kati ya nyati aliyechokozwa na familia iliyojifungia ndani, akiwa na bunduki iliyochaguliwa kwa kumtazama nyati peke yake.

Kwa wanyama hatari kama tembo na nyati, kanuni zetu za uwindaji zinataka bunduki ya kaliba isiyopungua .375. Ni kanuni ya busara na isilegezwe hata kidogo. Lakini inajibu swali moja tu, nalo ni nguvu inayohitajika ili risasi ifike kwenye moyo au ubongo wa mnyama mwenye mifupa minene. Swali la pili ni kama mwili wa mpigaji unaweza kuipeleka risasi hiyo mahali pake, na hilo tumeliachia bahati. Ninaposema kijana simaanishi mtoto. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 imeweka masharti ya nani akabidhiwe silaha, na mtoto hayumo katika hoja hii. Ninamzungumzia mtu mzima kisheria, aliyeajiriwa au kuteuliwa na kijiji chake, ambaye maumbile yake hayalingani na yale yaliyokuwa kichwani mwa mtengenezaji wa bunduki.

Tuanze na teke. Kila bunduki inayosukuma risasi mbele humsukuma mpigaji nyuma, na kiasi cha msukumo huo kinapimika. Ukichukua bunduki ya kawaida ya .30-06 kuwa kipimo, .243 hupiga teke la nusu yake hivi, .375 hupiga karibu mara mbili, na .458, iliyoingia sokoni mwaka 1956 na kupata umaarufu mkubwa Afrika kwa kazi ya tembo, hufikia mara tatu au zaidi. Mtu wa kilo 90 mwenye mabega mapana huliyumbia teke la .458 kisha akasimama tena sawasawa. Wa kilo 50 hupokea kiasi kilekile kwenye bega dogo, karibu na mfupa wa mtulinga, na mwili wake huhifadhi kumbukumbu hiyo. Akishapiga risasi tatu au nne za namna hiyo siku ya kwanza, kuna jambo hutokea ambalo kila mwalimu wa shabaha analijua: kabla triga haijafika mwisho, macho hufumba, bega hujivuta, na mkono huushusha mtutu. Risasi inayotoka hapo hutua chini ya moyo wa mnyama, au nyuma yake, tumboni. Mlio nao huongeza woga huo. Bunduki kubwa hufikia desibeli 160 hivi, wakati mlio mmoja wa desibeli 140 unatosha kudhuru sikio, kwa hiyo mafunzo yasiyo na vizibo vya masikio hufundisha hofu pamoja na shabaha.

Watu wengi wenye nia njema hukosea hapa kwa namna moja. Wakimwona mpigaji mdogo, wanamtafutia bunduki nyepesi, wakidhani wepesi ndio unafuu. Wepesi ni unafuu wa kutembea tu. Risasi ikiwa ni ileile, ukipunguza uzito wa bunduki kwa robo, nguvu ya teke lake huongezeka kwa theluthi. Bunduki ya .375 yenye kilo nne na nusu inamchosha kijana akiibeba kutoka Mto Grumeti hadi kijijini, lakini ikipunguzwa hadi kilo tatu na nusu itamuumiza kila anapoifyatua, na maumivu ndiyo yanayoharibu shabaha. Mpigaji mdogo anasaidiwa kwa risasi ndogo, pale sheria na kazi zinaporuhusu, na kwa bunduki yenye uzito wa wastani. Pasiporuhusiwa risasi ndogo, basi uzito uachwe ulivyo na kirekebishwe kitako.

Kitako ndicho sehemu inayosahaulika kuliko zote, ilhali ndicho kinachoamua kama bunduki ni ya mtu au si yake. Bunduki nyingi za kiwandani huwa na urefu wa sentimita 34 hadi 36 kutoka triga hadi mwisho wa kitako, kipimo cha mwanamume mrefu wa Ulaya au Marekani. Mwenye mikono mifupi akipewa hiyo, hulazimika kunyoosha shingo mbele, kuegemea nyuma kiunoni, na kukiweka kitako kwenye msuli wa mkono badala ya shimo la bega. Hapo teke humpata akiwa hajajitegemeza. Kama bunduki ina darubini, teke likiirudisha nyuma ukingo wake huweza kumpasua nyusi. Namna ya kupima haina gharama. Mpigaji akunje mkono, kitako kikae kwenye kiwiko kwa ndani, na ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye triga bila kujivuta. Kisipofika, kitako ni kirefu. Kwa wapigaji wengi wadogo, sentimita 31 au 32 zinatosha. Mkulima wa Mugumu hawezi kulima siku nzima kwa jembe lenye mpini uliokatwa kwa urefu wa jirani yake, na hakuna anayemwita mvivu akiukata upya.

Historia ya Afrika Mashariki inao ushahidi wa kutosha kwamba mnyama hauawi na ukubwa wa kishindo. Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo teke lake ni dogo kuliko la .30-06. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Simtaji kwa kumsifu. Aliua kwa ajili ya pembe, na leo angekuwa jangili. Mfano wake pia si ruhusa ya kumkabili tembo kwa bunduki ndogo, maana uzoefu aliokuwa nao hafundishwi mtu kwa miezi michache. Namtaja kwa sababu rekodi yake inaonyesha kwamba kinachoua ni mahali risasi inapotua, na mahali hapo hutegemea mkono usiotetemeka. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway na mkewe Pauline walipokuja kuwinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934, Hemingway alitumia .30-06, na Pauline, mwanamke mwenye umbo dogo, alibeba Mannlicher ya milimita 6.5 yenye teke dogo zaidi. Wala hatuna haja ya kwenda kwa wageni. Wawindaji wa Ikoma, Nata na Ukuryani walitumia mishale ya sumu, na sumu ndiyo iliyofanya kazi ya kuua. Upinde ulihitaji kuufikisha mshale mwilini tu. Aliyeuvuta alihitaji upinde anaoumudu.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia linatoka Tarime kwenyewe, nami naliheshimu. Kwa Wakurya, kijana hufundishwa tangu jando kutopepesa macho mbele ya maumivu, na Tarime imetoa askari wengi, tangu enzi za jeshi la mkoloni hadi leo. Kwa nini basi tumbembeleze askari kwa bunduki laini? Jibu ni kwamba kufumba macho mbele ya teke hakutokani na woga. Ni kitendo cha mwili kinachotangulia utashi, kama vile mkono unavyoondoka kwenye moto kabla mtu hajaamua. Kijana jasiri kuliko wote hupatwa nacho, tena yeye huchelewa kugundulika kwa sababu halalamiki. Ujasiri wake utahitajika dakika ile nyati atakapomgeukia. Kuutumia kuvumilia kitako kirefu ni kuupoteza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama sheria inadai .375 kwa wanyama wakubwa, na wanyama wanaovamia vijiji hivi ni hao hao wakubwa, basi mpigaji mdogo atakwepa vipi? Hatakwepa, ila atafika huko kwa ngazi. Aanze kwa .22, ambayo teke lake halifiki kuhisiwa, apige mamia ya risasi hadi kupumua, kulenga na kuvuta triga polepole kuwe tabia. Kisha .243, inayotosha kwa swala, au .308, ambayo kwa nyumbu na hata pundamilia inatosha ikiwa na risasi ya aina sahihi. Mwisho ndiyo .375, yenye kitako kilichopunguzwa na pedi ya mpira, risasi chache kwa siku, na mlenga shabaha mzoefu pembeni. Na kati ya .375 na .458, kwa mwenye umbo dogo sioni sababu ya kuchagua ya pili. Risasi ya .375 imekuwapo tangu mwaka 1912, inapenya vya kutosha kwa tembo na nyati, na mtu wa kawaida anaweza kuizoea. Yule ambaye hata baada ya ngazi zote hajaimudu, apangiwe doria, kufukuza wanyama kwa mlio, kuondoa mitego ya nyaya na kuongoza wenzake kwa kusoma nyayo. Kazi hizo ni sehemu kubwa ya ulinzi wa wanyamapori, na kumpangia huko si kumshusha cheo.

Wapo watakaouliza fedha zitoke wapi, kwa kuwa kituo kizima huenda kina bunduki mbili tatu zinazozunguka kwa zamu. Hapo ndipo urahisi ulipo. Kitako kikikatwa kifupi, vipande vya mbao au mpira huongezwa nyuma yake kwa skrubu na kuondolewa kulingana na anayeingia zamu. Ni kazi ya fundi wa silaha mwenye kibali, tena ya siku moja. Risasi za .22 ni za bei ndogo mno ukilinganisha na za .375, kwa hiyo mafunzo ya ngazi yanapunguza gharama. Ghali ni tembo aliyejeruhiwa. Mnyama huyo harudi hifadhini kwa amani. Hukaa kwenye vichaka kati ya mashamba na njia ya watoto wa shule, na atakayelipia hasira yake huenda ni mama anayekwenda kuchota maji. Kifuta machozi kinachotolewa na serikali baada ya hapo hakimrudishi mtu.

Wapo pia wanaosema tusizungumzie bunduki kabisa, tuwekeze kwenye mizinga ya nyuki, pilipili na uzio. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kumpiga mnyama risasi kunapaswa kuwa hatua ya mwisho, na kila kinachoisogeza mbali hatua hiyo kinastahili fedha. Ila kwa kuwa ni hatua ya mwisho, hufanyika gizani, karibu na nyumba, mbele ya watu waliojaa hofu, na haina nafasi ya kurudiwa. Kazi ya namna hiyo haipaswi kumkuta mtu ambaye hajawahi kukiweka kitako sawasawa begani.

TAWA, Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona na halmashauri za Tarime na Serengeti wanaweza kuanza bila kusubiri bajeti mpya wala kanuni mpya. Kabla ya msimu ujao wa mavuno, kila askari anayekabidhiwa bunduki apimwe mkono, urefu uandikwe kwenye daftari la ghala la silaha, na asipewe .375 wala .458 kabla hajaonyesha uwanjani, kwa risasi ndogo, kwamba macho yake hubaki wazi anapofyatua.