Punda Mzee Naye Ametumika



Wahenga walituachia usemi: punda afe, mzigo ufike. Tumeuzoea hata twautamka kwa kicheko, ofisini na kiwandani, kila kazi inapotubana. Lakini mwenye punda akiushika kama ulivyo atapata hasara. Mzigo wa leo utafika, wa kesho utakwama njiani, na wa kesho kutwa hautakuwa na wa kuubeba. Kwa hiyo juma hili tumzungumze punda aliyezeeka, maana ndiye anayesahauliwa kuliko wote.

Huenda ukauliza: mimi nakaa mjini, sina punda, yanihusu nini? Yanakuhusu. Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba mno kwa gari kupita, mchanga, mawe na saruji ya kujengea hufika mlangoni mgongoni mwa punda. Katika miji mingi ya bara, mkokoteni wa punda huleta maji bomba linapokauka. Wewe na mimi ndio wenye mizigo ile.

Punda aliyetunzwa vema aweza kuishi miaka 30 na kuzidi. Akipita miaka 20 huhesabiwa kuwa mzee. Lakini yule wa mzigo mzito na chakula haba huonyesha uzee mapema zaidi. Dalili zake ni rahisi kuziona: nyama hupungua mgongoni na mapajani, mashimo hutokea juu ya macho, na mwendo huwa mzito asubuhi kwa sababu ya maungo kukakamaa. Usidanganywe na manyoya, kwani aghalabu huficha ukondefu. Mpapase kwa mkono mbavuni na uti wa mgongo, angalau mara moja kwa mwezi.

Matatizo mengi ya uzee wake huanzia kinywani. Meno ya punda husukumwa nje ya ufizi maisha yake yote, kiasi cha milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, huku yakisagika kwa kutafuna. Na kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, magego hayasagiki sawasawa. Kingo zake huwa kali kama wembe, zikakata mashavu na ulimi. Baadaye meno yenyewe huisha. Ukimwona anadondosha mabonge ya majani yaliyotafunwa nusu, anatoa udenda, au kinywa kinanuka, usimwite mvivu wa kula. Mwite Bwana Mifugo amkague. Kingo hizo husawazishwa kwa tupa maalumu, nayo ni kazi ya mtaalamu. Ni vema meno ya punda mzee yakaguliwe kila mwaka, hata pasipo dalili.

Asiyeweza kutafuna hukatiwa majani vipande vifupi, na pumba huloweshwa maji hadi ziwe laini. Usidhani kumjaza mahindi ndiko kumpenda. Nafaka nyingi humletea maumivu ya tumbo na ugonjwa wa kwato. Mahindi yaliyoota ukungu ni hatari kupita yote, kwani yana sumu iharibuyo ubongo wake; yale uliyoyakataa kwa ugali, usimpe yeye. Maji safi yawepo daima. Na akikataa kula kwa siku moja tu, usingoje ya pili: punda asiyekula huyeyusha mafuta ya mwili wake kwa wingi, yakajaa katika damu na kuharibu ini, naye aweza kufa katika siku chache.

Kwato zake zipunguzwe kila baada ya majuma 6 hadi 10, na kila jioni zitolewe mawe na matope. Vidonda visafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Kumbuka pia kwamba ule ugonjwa tuuitao pepopunda hauwapati wanadamu peke yao. Punda na farasi huupata upesi sana kupitia jeraha dogo, hata la msumari, na chanjo yake ipo. Dawa ya minyoo nayo hutolewa kwa ushauri wa mtaalamu.

Sasa tuje kwenye kazi. Mfanyakazi kiwandani anapofikia umri wa kustaafu, hatumtupi barabarani kwa kuwa mikono imepungua nguvu. Punda mzee hahitaji kukaa bure. Kutembea polepole humsaidia maungo yasikakamae. Yafaa apewe safari fupi, njia tambarare, mzigo mwepesi, na mapumziko kivulini mchana. Matandiko na shogi viwekewe kitambaa laini cha pamba, maana ngozi yake imekonda na kamba ya nailoni huila kama msumeno. Fimbo haimrudishii ujana. Na siku atakaposhindwa kabisa, aachwe apumzike.

Jambo moja wengi hawalijui: punda hushikamana na mwenzake kwa miaka mingi. Ukimtenga naye ghafula, huweza kukataa kula, na hatari ya kukataa kula tumekwisha kuiona. Mmoja akifa, wenye uzoefu humwacha aliyebaki karibu na mwili kwa muda, aunuse na ajue mwenzake ameondoka, kabla ya kuzika.

Wako watakaosema kwamba ni nafuu kumwuza mzee na kununua kijana. Hesabu yao ina kasoro. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi kidogo, akazaa mtoto mmoja, naye mtoto hukua miaka kadhaa kabla ya kustahimili mzigo mzito. Kwa miaka mingi biashara ya ngozi za punda, ambazo huchemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, ilipunguza punda wa Afrika na kuwaachia wanawake na watoto ndoo za maji vichwani. Ndiyo sababu Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, walikubaliana kuzuia kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda akipotea, kumpata mwingine si kazi ya siku moja.

Wewe usiye na punda una kazi tatu. Ya kwanza, usiagize mkokoteni mmoja ubebe mizigo ya miwili kwa kuokoa nauli, na ukimwona punda anachechemea, mwambie mwenyewe kwa upole, nawe ukubali kungoja. Ya pili, usitupe mifuko ya plastiki na kamba pamoja na maganda ya ndizi na mboga. Punda wa mjini hula jalalani, hana uwezo wa kutapika, na plastiki ikiziba utumbo atakufa kwa maumivu makali. Ya tatu, ni kuwakanya watoto wanaomrushia mawe.

Lamu ipo zahanati ya punda tangu mwaka 1987, na wenye punda huwapeleka wakatibiwa bure. Pasipo na zahanati ya namna hiyo, Bwana Mifugo wa eneo lako ndiye wa kumwendea. Muulize kesho asubuhi juu ya meno na chanjo ya pepopunda.

Husemwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mtazame yule mzee aliyeleta maji nyumbani kwako miaka yote hiyo, kisha ujiulize ni nani kati yenu anayedaiwa shukrani.

Hadi juma lijalo, kwaheri.