Tuonyeshwe Mkataba Kabla Beto Haijamwagwa



Tarehe 31 Julai 2011, Jumapili asubuhi, mjini Montreal kule Kanada, tani kama 25 za beto ziliangukia otoruti ya Ville-Marie, pale inapopita chini ya katikati ya mji. Hakuna aliyekufa, juu siku ya Jumapili gari ni chache. Ingekuwa Jumatatu, wangehesabu maiti.

Otoruti hiyo ilianza kutumika miaka ya 1970. Ili ipite, nyumba nyingi za watu wa kawaida zilibomolewa. Sehemu nyingine iliachwa wazi kama shimo refu, ikatenga mji wa zamani na mji mpya. Tangu hapo Montreal inatoa feza kulifunika shimo hilo kipande kwa kipande. Raia alilipa kuchimba, sasa analipa kufunika.

Lakini raia wa kule hawakunyamaza. Walidai ripoti za ukaguzi ziwekwe wazi. Na walikuwa wameanza mapema, tangu 2009, kudai tume ichunguze rushwa katika mikataba ya ujenzi. Serikali ya Québec ilikataa, ikakataa, mpaka Oktoba 2011 ikakubali. Mbele ya jaji France Charbonneau, wakubwa wa makampuni walieleza wazi namna walivyogawana masoko ya serikali na namna feza zilivyofika kwa vyama vya siasa. Novemba 2012 meya Gérald Tremblay alijiuzulu, huku akikana kosa. Ripoti ilitoka Novemba 2015.

Sasa sisi je?

Mwaka 2019, katika programu ya siku 100, Kinshasa iliahidiwa "saut-de-mouton" za kumaliza foleni. Kazi zikakawia, na viwanja vya ujenzi vyenyewe vikaleta foleni. Machi 2024 mkataba wa Sicomines ukarekebishwa: dola miliari 7 kwa ajili ya miundombinu, hasa barabara. Feza hizo si zawadi ya mtu. Ni shaba ya Kolwezi, inatoka chini ya miguu yetu.

Wengine watasema: "Nyinyi vijana munapinga maendeleo." Hapana. Tunataka barabara kuliko wao, juu sisi ndio tunatembea katika matope. Tunachokataa ni barabara ambayo bei yake inajulikana na watu watano.

Kwa hiyo tunadai, kwa kila barabara kubwa itakayopita katika miji yetu:

1. Mkataba na bei vibandikwe mahali raia anaweza kusoma, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu.
2. Wenye nyumba zitakazobomolewa walipwe kwanza, ndipo mashine iingie.
3. Ripoti za ukaguzi zitolewe kila mwaka, hata zikiwa mbaya.

Na wasituambie hakuna wa kuzisoma. Tuko na diploma za ujenzi, za sheria, za uchumi, na tuko nyumbani bila kazi. Mutupe makaratasi, tutasoma bure.

Montreal walipata majibu baada ya miaka ya kuuliza. Sisi tuanze kuuliza leo, kabla paa halijatuangukia. Kila mmoja kwa deputé wake, swali moja tu: mkataba uko wapi?

Inchi ni yetu. Hesabu pia ni yetu.