Nani Aliyesema Kitabu Kirefu Si Chetu?

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo tumesikia maneno ambayo hatuwezi kuyaacha yapite bila kujibiwa. Husemwa na baadhi ya walimu, na wanafunzi wao wakaitikia, ya kwamba riwaya ndefu ni desturi ya Wazungu. Tolstoy wa Urusi na Proust wa Ufaransa, wanasema, walijaza majuzuu kwa kuwa wasomaji wao walikuwa na nafasi. Sisi wakulima wa migomba na maharage yatutosha hadithi ya jioni moja. Basi mwanafunzi hupewa muhtasari wa kurasa tatu, akaukariri, akafaulu mtihani, na kitabu chenyewe asikiguse. Hiyo ni kasumba, tena mbaya kuliko ile ya wakoloni, maana hii tunajinywesha wenyewe.

Wenye maneno hayo wamemsahau jirani yao. Ng'ambo ya ziwa, katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe maisha ya wazazi na watoto wao tangu ndoa hata kaburi, akamaliza mwaka 1945. Wala elimu yake hakuifuata mbali: alisoma katika seminari ya Rubya, katika Kagera yetu hii hii. Kwa Kikerewe kitabu hakikupata mchapaji. Ndipo mzee akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikakitoa katika majuzuu mawili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka thelathini na mitano ya kungoja! Naye akafariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi. Baada yake kimetafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa, na mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza. Wageni wamekuwa na nafasi ya kukisoma; sisi ndio tulio na haraka.

Tuwaulize wapenda muhtasari: wanafupisha nini? Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Jamaa za mume wanamtukana mke, na wazazi wake wanamchukua kumrudisha kwao. Muhtasari utasema, mume akamfuata, wakapatana. Lakini katika kitabu mtu huyu hana budi kwenda, kuamkia, kuketi, kukataliwa, kurudi, na kutozwa faini ya pombe ya ndizi ambayo hana mke wa kumsaidia kuitengeneza. Kila hatua ina adabu yake na kila adabu ina gharama yake. Desturi ilimruhusu kuoa mwingine, na ndugu zake walitaka hivyo. Msomaji aliyeongozana naye siku zote hizo, akasubiri ndizi ziive pamoja naye, ndiye anayefahamu uzito wa mapenzi yale. Aliyesoma kurasa tatu amepata habari tu, kama mtu aliyesimuliwa karamu na wenziwe walioshiba.

Hatusemi kwamba kila ukurasa ni asali. Mwandishi hupenda kuisimamisha hadithi ili aeleze namna kazi fulani ilivyofanywa, na kuna jioni ambazo sisi wenyewe tulisinzia. Wala hatuombi kurudishwa katika mambo yote ya humo, kwani mwanamke asiyezaa hubebeshwa lawama ya watu wawili. Lakini atayahukumuje hayo mtu asiyeyaona yakitendeka?

Wengine husema: hicho ni cha Wakerewe, Wahangaza, Washubi na Wasubi kinawahusu nini? Watu hao hawakusikiliza hata majina. Ntulanalwo ni kusema, nakaa nacho, yaani kifo. Mtoto wa Ngara ambaye kwao kutura ni kukaa mahali, na urupfu ni kifo, anao ufunguo wa jina hilo kabla ya mwalimu hajafungua kinywa. Na mapokeo ya Ukerewe yenyewe husema kwamba Wasilanga, ukoo uliotawala kisiwa, walitoka Ihangiro, inayopakana na Biharamulo. Mwanafunzi wa London atahitaji maelezo chini ya ukurasa. Wa kwetu anahitaji kitabu tu.

Tena kuna jambo linalotuuma zaidi. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa malaki, dunia ililijua jina la Ngara. Ripoti nyingi ziliandikwa na wageni kuhusu kambi ya Benaco, mahema, mahindi na maji. Lakini maisha ya Mhangaza aliyekuwa na shamba pale kabla ya hema la kwanza, ndoa yake, mahari yake, ugomvi wake na wakwe, nani aliyeyaandika kwa urefu yanaostahili? Wazee wanaoyajua wanazikwa kila mwaka. Kitereza alikiona kitu hicho hicho kikitokea kwao akashika kalamu, bila kuagizwa na wizara yoyote.

Basi walimu na wagawe juzuu la kwanza kurasa kumi kwa juma, lisomwe kwa sauti darasani. Wakifika pale Myombekere anapotengeneza pombe ya wakwe zake, wanafunzi na waende kwa bibi zao waulize namna ilivyotengenezwa kwao, ni nani aliyekanyaga ndizi, ni nani aliyeruhusiwa kuonja kwanza, waandike yote katika madaftari. Atakayejaza kurasa arobaini asiambiwe afupishe.