Si Kila Oili Ni Turbo, Wasee

Fundi akiona oili chini ya Forester yako na kusema papo hapo "turbo imekufa", funga boneti uende. Mimi nilitoa karo iliyobaki nilipoacha campo, nikanunua turbo ya mtumba hapa Kakamega. Wiki ya pili, oili tena. Kumbe ni gasketi ya kifuniko cha valvu!

Oili huteremka, upepo huisambaza. Osha injini ikiwa baridi, ikauke, nyunyiza poda ya watoto, endesha hadi Mumias na kurudi. Tafuta pahali pa juu kabisa palipolowa. Cheki pia paipu ya kupumulia: ikiziba, presha husukuma oili ipite sili za turbo ambayo bado iko poa.

Fundi wangu aliicheka hiyo poda. Pesa yangu hakurudisha.