Saa za Mkono na Jua la Tarime

 

Vijana wetu wa Tarime na Mugumu wanapenda sana saa za mkono. Yupo mwenye tatu, na yupo mwenye saba alizozihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Idd ikikaribia, mikono huonyeshana msikitini hata kabla ya khutba. Nyingine zimenunuliwa Sirari mpakani, nyingine zimeletwa na wajomba kutoka Mwanza, nyingine waliziacha mababu. Baadhi ya wazazi wametuomba tukemee jambo hili kwa kuwa ni israfu na kujionyesha. Sisi hatulikemei. Malalamiko yetu ni kwamba wengi wanavaa saa wasizojua zinawaambia nini.

Tutoe mfano uliotupata wenyewe. Ramadhani ya mwaka 2016 iliangukia mwezi Juni. Tulialikwa futari katika nyumba moja hapa wilayani. Redio ikaadhini, nayo ilikuwa adhana ya Dar es Salaam. Vijana watatu wakatazama mikono yao, kisha wakatazama kalenda ukutani, iliyochapwa kwa nyakati za Dar es Salaam. Wakasema ndiyo, saa 12 na robo imefika. Tende zikaliwa. Tulipotoka uani kutia udhu tukaliona jua upande wa magharibi, zima, bado halijagusa upeo. Nasi tulikuwa miongoni mwa waliokula. Siku ile tuliilipa baada ya Idd.

Saa za wale vijana hazikukosea hata dakika moja. Waliokosea ni wavaaji, na sisi wenye elimu tuliokaa kimya tukisubiri uji.

Sababu ni hesabu ndogo ambayo mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Saa ya Tanzania nzima hufuata mstari wa longitudo ya digrii 45 mashariki. Tarime ipo kidogo baada ya digrii 34. Jua huchukua dakika 4 kupita digrii moja, hivyo hutufikia sisi kama dakika 42 baada ya mstari ule. Dar es Salaam, iliyo karibu na digrii 39, huchelewa dakika 23 tu. Ukiongeza tofauti ya kaskazini na kusini, magharibi yetu huja nyuma ya Dar es Salaam kwa dakika 10 hivi mwezi Desemba, na karibu nusu saa mwezi Juni. Mugumu na Tarime wenyewe kwa wenyewe hupishana kama dakika moja, hapo hakuna ugomvi.

Adhuhuri nayo ni hivyo hivyo. Wapo wanaosimama kuswali saa 6 na dakika 10 mchana wakidhani jua limekwisha pinduka. Hapa kwetu, mwanzoni mwa Novemba jua hufika kati saa 6 na dakika 26 hivi, na katikati ya Februari huchelewa hadi karibu saa 7 kasoro dakika 4. Asiyeamini achomeke fimbo wima uani, aangalie kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, kisha aangalie saa yake. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba atakuta kivuli kimepotea chini ya fimbo kwa muda mfupi. Watoto wa madrasa hulifurahia sana jambo hili, na watu wazima pia, ingawa hawapendi kukiri.

Hii ndiyo kazi waliyoifanya wanavyuoni wetu wa zamani. Misikiti mikubwa ya Misri na Sham ilikuwa na muwaqqit, mtu wa kupima nyakati za swala. Ibnu Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umawiy, Damascus, na mwaka 1371 alitengeneza saa kubwa ya kivuli kwa ajili ya mnara wake. Alikuwa mpenda saa kama hawa wa kopo la maziwa, ila yeye alipima kwa ajili ya mji mzima.

Sasa tuseme machache juu ya kuzitunza. Saa ya betri iliyosimama usiiache na betri yake ndani. Huvuja ikaharibu mitambo. Saa ya springi, kama zile Seiko za wazee zinazojijaza kwa mwendo wa mkono, usiiweke juu ya spika ya redio, kwani sumaku huifanya ikimbie. Tarehe yake usiibadilishe kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, maana meno ya kubadilishia tarehe yameshikana wakati huo na yanaweza kuvunjika. Vumbi la barabara zetu liondoe kwa kitambaa kikavu, na mkanda uoshe jasho. Fundi saa wa sokoni hukaa na kioo chake jichoni mchana kutwa, mlipeni bila kumpunja. Kwenye udhu, legeza mkanda maji yapite. Saa ya dhahabu si vazi la mwanamume. Hilo wavulana wanalijua, basi wasitafute hila.

Wala bei isiwatishe. Casio ya plastiki ya F-91W, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, hukosea takriban nusu dakika kwa mwezi. Saa nyingi za springi zenye bei kubwa zaidi hukosea kiasi hicho kwa siku mbili tatu. Mwenye Casio asimwonee haya mwenye Seiko.

Tunaomba basi wenye saa nyingi wazilete madrasa Alhamisi ya kwanza baada ya kufungua muhula. Tutachomeka fimbo uani, tutazilinganisha zote, na tutaanza kuandika kalenda ya nyakati za hapa kwetu, mwezi kwa mwezi, ili ibandikwe ukutani kabla ya Shaabani. Wasio na saa waje na daftari.